Shajara ya Mradi: Kumfasiri Gracie Allen kwa Kiswahili

Jumatatu, 6 Januari

Leo tumeuanza rasmi mradi wa kuandika tafsiri ya Kiswahili chini ya picha za vipindi sita vya The George Burns and Gracie Allen Show, tamthilia ya vichekesho iliyoanza kurushwa na CBS nchini Marekani tarehe 12 Oktoba 1950 na kuendelea hadi mwaka 1958. Tuko watatu: mimi ninayetafsiri, mhariri ambaye kazi yake ni kunirudishia nilichokosea, na fundi anayepanga ni wakati gani kila mstari utokee kwenye skrini na wakati gani uondoke.

Tamthilia hii inajengwa juu ya jambo moja. Wahusika wakuu ni mume na mke wa kweli, wanatumia majina yao ya kweli, na wanaigiza kuwa ni wao wenyewe. George Burns ni George Burns, mchekeshaji mwenye kipindi cha televisheni. Gracie Allen ni Gracie, mkewe, ambaye anaitazama dunia kwa mantiki asiyoielewa mtu mwingine yeyote isipokuwa yeye. Wanaishi katika nyumba ya kuigiza iliyojengwa studioni, jirani zao ni watu wa kubuniwa, lakini mtangazaji anayeingia sebuleni mwao ni mtangazaji wa kweli wa kipindi hicho, naye pia anatumia jina lake. Mwanzoni alikuwa Bill Goodwin, kisha akaja Harry von Zell. Tangu mwaka 1955 mwana wao Ronnie naye akaingia, akijiigiza mwenyewe.

Kabla ya kuafikiana tulizijadili tamthilia nyingine tatu, na ni vema niandike sababu za kuziacha, kwa kuwa najua swali hilo litarudi. Iliyotangulia zote ni Mary Kay and Johnny, iliyoanza Novemba 1947 katika mtandao wa DuMont, nayo ndiyo inayohesabiwa kuwa tamthilia ya kwanza ya vichekesho ya aina hii katika mitandao ya televisheni ya Marekani. Mary Kay na Johnny Stearns walikuwa wanandoa, na mwana wao alipozaliwa Desemba 1948 aliingizwa katika hadithi akiwa bado mchanga kabisa. Mdhamini wao alipotaka kujua kama kuna mtu anayetazama, aliwaahidi kioo cha bure watazamaji 200 wa kwanza watakaoandika barua, na zikaja karibu barua 9,000. Ningependa sana kuifanyia kazi tamthilia hiyo, lakini karibu yote imepotea, na hatuwezi kutafsiri kitu ambacho hakipo.

Ya pili ilikuwa The Adventures of Ozzie and Harriet, ya familia ya Nelson, yenye vipindi 435 kati ya 1952 na 1966. Hiyo ipo tele, ila vichekesho vyake ni vya upole mno. Mtu anakwenda kununua kitu, anakikosa, anarudi nyumbani. Mhariri aliipenda, mimi sikuipenda, na fundi hakuwa na upande. Ya tatu, I Love Lucy, haikukidhi sharti letu la wanandoa wanaojiigiza wenyewe: Lucille Ball na Desi Arnaz walikuwa wanandoa kweli, lakini kwenye skrini waliigiza kuwa akina Ricardo.

Vipindi sita tulivyovichagua ni vile ambavyo haki zake za kunakili hazikuhuishwa. Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo, kazi iliyochapishwa kabla ya mwaka 1964 ilipaswa kuhuishwa haki yake ifikapo mwaka wa 28, na mwenye kazi asipofanya hivyo haki ilikoma.

Alhamisi, 9 Januari

Mafaili yamefika. Kipindi cha kwanza kati ya sita ni cha misimu miwili ya mwanzo, wakati tamthilia ilipokuwa ikirushwa moja kwa moja, mara moja kila baada ya wiki mbili, na kwa hiyo kilichobaki ni kineskopi, yaani filamu iliyopigwa kwa kuielekeza kamera kwenye skrini ya televisheni wakati kipindi kinaendelea. Kiungo cha kurushia picha moja kwa moja kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine kilianza kutumika Septemba 1951. Kabla ya hapo njia ya kuufikisha mchezo upande wa pili wa nchi ilikuwa rekodi za namna hii. Picha ina ukungu, nyuso zina mng'ao wa maziwa, na sehemu ya chini ya skrini, ambako maandishi yetu yatakaa, ni nyeupe kiasi kwamba herufi nyeupe hazisomeki. Fundi ameziwekea herufi ukingo mweusi. Vipindi vingine vitano ni vya tangu msimu wa 1952, vilipoanza kupigwa kwa filamu, na hivyo ni safi.

Tumekubaliana juu ya kanuni: mistari miwili kwa wakati mmoja, kila mstari usizidi herufi 42. Kiswahili kina maneno marefu na Gracie anasema upesi kama mvua juu ya bati. Tutaona.

Jumatano, 15 Januari

Wiki nzima imeishia kwa George, na nilidhani yeye ndiye atakayekuwa rahisi.

Kazi ya George katika tamthilia hii ni ya ajabu kidogo. Mchezo ukiwa umeshika kasi, anatoka ndani ya nyumba, anasimama pembeni ya jukwaa na sigara yake nene mkononi, anawageukia watazamaji na kuwaeleza kinachoendelea, kisha anarudi ndani na kuendelea kuwa mume asiyejua lolote. Katika misimu ya mwisho anakuwa na televisheni katika chumba chake cha faragha, na kupitia hiyo anawatazama mkewe na jirani wakipanga njama sebuleni, yaani anautazama mchezo wake mwenyewe kama sisi tunavyoutazama. Hakuna anayeshangaa. Hakuna hata mmoja anayeuliza televisheni hiyo imewezaje.

Ugumu ulijitokeza katika sauti. George wa ndani na George wa pembeni ni mtu mmoja mwenye jina moja na koti moja, lakini hawasemi kwa namna moja. Wa ndani hukatiza, hujibu kwa neno moja, huuliza "Nini?" na "Kisha?" na "Nani huyo?". Wa pembeni husimulia taratibu, kama mzee aliyekwisha kula na kushiba, ambaye hana haraka ya kufika mwisho wa hadithi. Katika rasimu ya kwanza niliwapa wote wawili sentensi za aina moja, na matokeo yake mtazamaji asiyesikia Kiingereza asingeweza kujua ni lini George ametoka nje ya hadithi isipokuwa kwa kutazama miguu yake.

Nilijaribu kutumia herufi za mlalo kwa maneno anayowaambia watazamaji. Mhariri alikataa, akasema kwamba herufi za mlalo ni za sauti inayotoka kwenye simu au redio, na kwamba ni kazi ya mtafsiri, wala si ya fundi wa herufi, kumfanya msomaji ahisi mlango umefunguliwa. Alikuwa na haki. Nimerudia maneno yote ya pembeni kwa kutumia masimulizi ya "-ka-" kadiri inavyowezekana: "Nikamuuliza, akanijibu, nikatamani nisingeuliza." Kwa upande wa ndani nimeiondoa "-ka-" hiyo karibu kabisa. Hatimaye wamekuwa watu wawili bila kuweka alama yoyote.

Nimebaki na swali kama George awaite watazamaji "ninyi" au "wewe". Kiingereza chake hakisemi. Nimechagua "ninyi", kwa kuwa alitoka jukwaani, kwenye maonyesho mchanganyiko ya vodevili, ambako macho yake yalizoea ukumbi uliojaa watu.

Jumanne, 21 Januari

Rasimu ya kwanza ya maneno ya Gracie imerudi kutoka kwa mhariri ikiwa na alama nyekundu nyingi kuliko maandishi. Juu kabisa ameandika: "Huyu umemfanya mpumbavu." Niliudhika kwa muda wa kama saa moja, kisha nikaitazama tena picha.

Ni kweli nilikuwa nimemfanya mpumbavu. Kila alipotoa jibu lisilotarajiwa nilimpa viungo vya kuashiria kwamba anachekesha: "eti", "kumbe", "jamani", alama za mshangao. Lakini Gracie kwenye skrini hafanyi utani hata mara moja. Hatabasamu baada ya kusema jambo la kuchekesha, hangoji kuchekwa, na haonyeshi dalili kwamba anajua limechekesha. Yeye anaeleza. Anamweleza mtu mzima asiyeelewa jambo ambalo kwake ni dhahiri, naye ana subira kubwa kwa udhaifu wa akili za wenzake.

Chukua mfano wake unaojulikana sana wa chumvi na pilipili. Anatia pilipili katika kichupa cha chumvi na chumvi katika kichupa cha pilipili, kwa sababu ameona kwamba watu kila mara huvichanganya. Sasa wakivichanganya, watakuwa wamepatia. Hakuna hatua hata moja katika hoja hiyo iliyo mbovu. Dunia ndiyo haikujipanga kuilaki. Sasa ukianza na "Eti nimetia chumvi", umeua kila kitu, kwa kuwa "eti" ni ya mtu anayejua kwamba jambo lake lina walakini. Gracie anastahili "kwa sababu", "basi", "kwa hiyo", "ndiyo maana". Nimeandika maneno hayo manne kwenye karatasi na kuibandika juu ya meza, na neno "eti" nimelipiga marufuku kinywani mwake katika vipindi vyote sita.

Historia yao inathibitisha kwamba mhariri yuko sahihi. Walipoanza kushirikiana mwanzoni mwa miaka ya 1920, George ndiye aliyekuwa mchekeshaji na Gracie kazi yake ilikuwa kuuliza maswali ili George apate pa kutupia utani. Watu wakacheka maswali na kuyanyamazia majibu. George, ambaye alikuwa amekwisha kuhangaika jukwaani kwa miaka mingi bila mafanikio ya maana, alikuwa na busara ya kulikubali hilo bila ubishi: akabadilisha, akachukua maswali yeye, akampa Gracie majibu, na akaendelea kuuliza kwa miongo zaidi ya mitatu. Walioana Cleveland, Ohio, tarehe 7 Januari 1926. Kilichowachekesha watu katika kumbi zile ni uaminifu wa Gracie kwa anachokisema, na uaminifu huo hauvumilii alama ya mshangao.

Sasa habari njema ya wiki, ambayo ndiyo inayonifanya niandike kwa urefu. Kuna utani wao wa zamani ambao nilikuwa nimekwisha kuukatia tamaa. George amemwambia Gracie aende hospitali kumtembelea mgonjwa na ampelekee maua. Gracie anarudi nyumbani na maua mkononi. Kitenzi cha Kiingereza alichokitumia George kinaweza kumaanisha kumpelekea mtu kitu na pia kumwondolea, na Gracie amekielewa kwa maana ya pili: mgonjwa alipogeuka, akayabeba. Nilijaribu "mpelekee", nikajaribu "beba", nikajaribu kuubuni utani mwingine kabisa wa kuuweka mahali pake, na kila nilichobuni kilinuka ubunifu.

Jana usiku nikiwa naosha vyombo nikakumbuka kauli ya kutendea. "Kumchukulia mtu kitu" kunaweza kuwa kukichukua kwa ajili yake, na kunaweza kuwa kukichukua kutoka kwake. Mtoto akilia kwamba mwenzake amemchukulia mpira, hakuna anayedhani ameletewa mpira. Basi George anasema: "Ukienda kumwona, usisahau kumchukulia maua." Na Gracie, akiwa na maua hayo kifuani, anajibu: "Ulisema nimchukulie maua. Basi alipogeukia ukutani, nikamchukulia." Herufi zinatosha, muda unatosha, na neno "basi" limekaa mahali pake. Mhariri ameweka alama ya tiki moja tu pembeni, jambo ambalo kwake ni shangwe.

Ijumaa, 24 Januari

Mambo mawili madogo ya majina na viwakilishi.

Kiingereza hutenganisha mwanamume na mwanamke katika viwakilishi vyake, Kiswahili hakitenganishi. Kuna mahali pawili ambapo mkanganyiko wa Gracie umejengwa juu ya tofauti hiyo, na hapo nimelazimika kuweka "yule mwanamume" au "yule mama" bila madoido. Lakini kuna mahali pengi zaidi ambapo Gracie anaanza kusimulia habari za ndugu zake bila kusema anamzungumzia nani, na hapo Kiswahili kinamsaidia kuliko lugha yake mwenyewe: "alimwambia kwamba hatamwoa kwa sababu hampendi" ni sentensi ambayo George anaweza kuipotelea kwa dakika nzima, nasi pamoja naye. Nimeiacha hivyo hivyo.

Jambo la pili ni Gracie na jirani yake, Blanche Morton, ambaye Bea Benaderet alimwigiza tangu mwanzo hadi mwisho. Wanawake hawa ni chanda na pete, na neno la kwanza kunijia lilikuwa "shoga", neno zuri la Kiswahili cha pwani kwa rafiki wa mwanamke kwa mwanamke. Hata hivyo wasomaji wengi wa leo wamelizoea kwa maana nyingine, na sitaki watazamaji wawe wanatafakari neno wakati Gracie anaeleza mpango wake wa siku. Tumekubaliana juu ya "mwenzangu". George na Gracie wataitana kwa majina, bila "mpenzi" wala "mume wangu", kwa kuwa majina yao ndiyo yaliyoandikwa mlangoni mwa tamthilia nzima. Wageni watasema "Bwana Burns" na "Bi. Burns".

Jumatatu, 3 Februari

Fundi ameuliza kwa nini mume wa Blanche, Harry Morton, ana sura moja katika kipindi chetu cha pili na sura nyingine katika cha nne. Si kosa la mafaili. Waigizaji kadhaa walipita katika nafasi hiyo, na katika vipindi vyetu wapo wawili, Fred Clark na Larry Keating.

Jinsi walivyobadilishana mwaka 1953 ni jambo ambalo haliwezekani katika tamthilia ya aina nyingine yoyote, na ingawa kipindi hicho hakimo katika sita zetu, tumeamua kwamba lazima kielezwe katika maandishi ya utangulizi. Blanche amejificha mlangoni, ameshika katalogi kubwa, anamsubiri mumewe aingie amtwange nayo kichwani. George anaingia na kusimamisha kila kitu. Anawaeleza watazamaji kwamba Fred Clark ameondoka kwenda kuigiza Broadway, na kwamba huyu hapa ni Larry Keating, ambaye tangu sasa ndiye Harry Morton. Keating na Benaderet wanasalimiana kwa adabu, wanaanza kusifiana kwa kazi zao. George anawakatiza: wakiendelea kupendana namna hiyo, hakuna atakayeamini kwamba ni mke na mume. Anatoa ishara, kila mtu anarudi mahali pake, Keating anaingia mlangoni na katalogi inamshukia kichwani.

Nimekitazama kipande hicho mara nyingi kuliko inavyohitajika kikazi. Kinachonivutia ni kwamba George anasema kwamba ndoa ya akina Morton ni ya uongo akiwa amesimama katikati ya nyumba ambayo nayo ni ya uongo, huku ndoa yake mwenyewe, iliyo ya kweli, ikimsubiri chumba cha pili ikiwa na mistari ya kusema. Mhariri amenionya nisiyaweke mawazo hayo katika utangulizi. Nimeyaweka hapa.

Jumatatu, 10 Februari

Siku nzima tumeshughulika na vicheko.

Tangu msimu wa 1952 vipindi vilipigwa bila watazamaji ndani ya studio; filamu ikishakamilika ilionyeshwa kwa watu ukumbini na vicheko vyao vikarekodiwa na kuunganishwa na sauti. Maana yake ni kwamba waigizaji walitulia kungoja kicheko ambacho hakikuwa kimetokea bado, na ambacho kingetokea baadaye, mbele ya watu wengine. Fundi alipopima mapumziko hayo akakuta kwamba karibu kila mara yanatosha. Watu hawa walikuwa wamekaa jukwaani miaka mingi kiasi cha kuusikia ukumbi mtupu ukicheka.

Kwetu hili lina faida. Mstari wa Gracie unaweza kubaki kwenye skrini wakati wa kicheko, na hivyo tukapata nusu sekunde au sekunde nzima ya kusomea. Lakini lina hatari pia: tafsiri ikitokea mapema, msomaji anacheka kabla ya ukumbi, na ukumbi unapocheka yeye amekwisha kunyamaza, na anaanza kujiona kwamba yuko peke yake. Kwa hiyo tumeikata mistari kumi na minne katika vipande viwili ili neno linalochekesha litokee pale hasa Gracie anapolitamka. Katika mitatu kati ya hiyo nimelazimika kugeuza mpangilio wa sentensi, kwa kuwa Kiswahili kilitaka kulitaja mapema neno ambalo Kiingereza kililificha hadi mwisho.

Kazi rahisi ya siku: maziwa ya kopo ya Carnation. Mdhamini amechomekwa ndani ya hadithi yenyewe, mtangazaji anaingia sebuleni na mazungumzo yanageukia maziwa kana kwamba hakuna jambo la kawaida zaidi. Tumetafsiri kila neno. Kulikuwa na pendekezo la kuyaruka matangazo hayo, nikalipinga, kwa kuwa katika tamthilia hii tangazo nalo linaigiza.

Jumanne, 18 Februari

Maandishi ya utangulizi yamekamilika, isipokuwa aya moja inayomhusu Gracie, ambayo nimeiandika mara tano.

Mtazamaji mpya atauliza: je, ndivyo alivyokuwa kweli? Jibu fupi ni hapana. Gracie wa skrini alikuwa kazi ya jopo la waandishi, miongoni mwao Paul Henning, ambaye baadaye alibuni The Beverly Hillbillies, na William Burns, ndugu yake George. Mwanamke aliyeitwa Gracie Allen alikuwa anazikariri kurasa nyingi za mazungumzo yasiyo na mfuatano ambao akili ya kawaida ingeweza kuushika, jambo gumu kuliko kukariri mazungumzo yenye mantiki, kwa kuwa swali halikupi jibu. Alikuwa akisumbuliwa na maumivu makali ya kichwa. Mikono ya nguo zake ni mirefu daima, kwa sababu tangu utotoni mkono wake mmoja ulikuwa na makovu ya kuungua. Jicho lake moja lilikuwa la buluu na jingine la kijani, na kwa kuwa karibu vipindi vyote ni vya rangi nyeusi na nyeupe, mamilioni ya watu walioamini kwamba wanamjua kama jirani yao hawakuliona hilo.

Hata ndoa yao ilikuwa na historia yake ya kuigizwa. Kwa miaka mingi redioni, ingawa walikuwa wameoana tangu 1926, waliendelea kuigiza mwanamume na msichana wanaotaniana, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940, idadi ya wasikilizaji ilipoanza kushuka na George akatambua kwamba utani wao umekuwa mdogo kuliko umri wao. Wakawatangazia wasikilizaji kwamba ni mume na mke, na kipindi kikainuka tena. Kwa hiyo walipofika kwenye televisheni mwaka 1950 walikuwa wameshajifunza kwamba ukweli nao ni vazi la kazini, na lilikuwa limewakaa vizuri kuliko lile la kwanza.

Mwaka 1958 Gracie alistaafu. George aliendelea na waigizaji karibu wote wale wale katika kipindi kingine chenye jina lake peke yake, huko NBC, na kikadumu msimu mmoja. Blanche alikuwepo, Harry Morton alikuwepo, von Zell alikuwepo, na George aliendelea kuuliza maswali, ila aliyekuwa na majibu alikuwa amebaki nyumbani. Gracie alifariki tarehe 27 Agosti 1964. George aliishi hadi 1996, akafikisha miaka 100.

Katika toleo la mwisho la aya hiyo nimeacha mikono mirefu, nikayaondoa macho. Mhariri anasema macho ni mapambo. Huenda ni kweli.

Jumatano, 26 Februari

Vipindi vitano vimekamilika na kuhakikiwa. Cha sita kilikwama kwa siku mbili kwa sababu ya maneno mawili ya mwisho.

Kila kipindi humalizika kwa George kumwambia Gracie awaage watu. Nilipofungua faili la cha sita nikakuta mtu ameandika jibu la Gracie hivi: "Usiku mwema, Gracie." Ni mimi niliyeandika, usiku, kwa mazoea, bila kusikiliza. Ndivyo karibu kila mtu anavyoukumbuka utani huo: mume anasema "Sema usiku mwema, Gracie", na mke, kwa utii wake ule ule usio na kasoro, anarudia maneno yote pamoja na jina lake. Unamfaa kabisa. Ungekuwa mwisho bora kuliko wote.

Tumesikiliza miisho yote sita kwa vipokea sauti, mmoja baada ya mwingine. Gracie hausemi utani huo. Katika vyote anajibu "Usiku mwema" tu, anawageukia watu, anainama kidogo. Na George mwenyewe alieleza uzeeni kwamba utani huo hawakuwahi kuufanya, wala hawakuufikiria, ingawa watu wengi wanaapa kwamba waliusikia.

Mhariri, ambaye kwa miezi miwili amekuwa akipunguza na kufuta, safari hii ndiye aliyetaka tuliongeze jina. Hoja yake ni kwamba watazamaji wanaoijua tamthilia watadhani tumekosea. Tumebishana kwa simu hadi fundi akakata simu yake. Mwishowe nimeandika kama inavyosikika, George: "Gracie, waage." Gracie: "Usiku mwema." Maandishi yanakaa kwa sekunde mbili na nusu, yanaondoka kabla hajamaliza kuinama.

Faili la sita limetumwa kwa fundi saa tano usiku.